Mjomba kaagiza tramadoli mtandaoni, imemfikia Masasi kwa basi. Kisheria hii imekaaje?

Mkorosho Mkongwe (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Masasi.

Nina mjomba wangu, kazi yake maisha yote ni mikorosho. Mgongo unamsumbua miaka mingi, na msimu wa salfa ukifika hali inakuwa mbaya zaidi, maana lile bomba la injini analibeba mwenyewe mgongoni kutwa nzima. Hospitali ameshakwenda. Alipewa dawa, akaambiwa apumzike. Sasa mkulima wa korosho apumzike mwezi wa sita, mikorosho ataipulizia nani?

Kijana wake aliyeko Dar kamwonyesha ukurasa mmoja mtandaoni: "dawa kali ya mgongo na viungo, tunatuma mikoa yote, siri yako tunailinda". Wakaandikiana WhatsApp, hela ikatumwa kwa simu, mzigo ukapakiwa kwenye basi. Mimi nikatumwa kwenda kuupokea stendi, kwa jina langu na namba yangu.

Boksi ni la simu ya tochi. Ndani, gazeti limesokotwa, na katikati yake karatasi za vidonge vyekundu. Nyuma pameandikwa TRAMADOL 225 MG. Jina la kiwanda hakuna. Namba ya toleo hakuna. Tarehe ya kuisha imebandikwa kwa stika, na ukiibandua kwa ukucha chini yake kuna tarehe nyingine iliyofutwa. Maelekezo yamekuja kwa sauti WhatsApp: viwili asubuhi, viwili jioni, "mzee akizoea aongeze".

Mjomba ana sukari pia, na ana kidonge kingine cha usiku alichopewa kwa ajili ya ganzi ya miguu.

Mzigo bado niko nao. Kila asubuhi ananipigia, namwambia basi halijafika. Mnajua kwetu mjomba ni nani, simwambii hapana kirahisi. Naomba kujua: hii dawa ni halali kununuliwa hivi? Na ina hatari gani kwa mtu kama yeye?

Bandari Salama

Mpe mzee dawa yake. Hela katoa yeye, mgongo ni wake, wewe umetumwa stendi tu. Ukimzuilia mjomba mali yake unaitafuta laana kwa tochi.

Dada Mikindani

Mimi hapa mtaani wapo wanaotumia tramadoli na wanadunda. Na tusidanganyane, zipo famasi unaingia unataja jina la dawa unapewa, cheti cha daktari haulizwi. Sasa tofauti ya hapo na mtandaoni ni ipi? Bora hata mtandaoni wanakuletea.

Boda wa Newala

Kijiweni kwetu kuna jamaa alikuwa anakula hivyo vyekundu apate kupiga safari za usiku bila kuchoka. Siku moja yuko juu ya pikipiki, imesimama, anasubiri abiria, tukaona anakaza shingo, akaanguka, mwili unatetemeka, povu mdomoni. Watu wakasema kalogwa. Hakuwahi kuwa na kifafa huyo. Hospitali walipokuta vidonge mfukoni wakaacha kuuliza mengine. Ashukuru Mungu alikuwa bado hajaondoka, ule mteremko wa Newala mnaujua.

Mfamasia Kusini

Mleta uzi, umefanya vizuri kueleza kila kitu. Nitaandika kwa kirefu, mniwie radhi.

Nianze na hiyo 225. Tramadoli ya kawaida inayoandikwa hospitalini ni ya miligramu 50, na zipo zinazoyeyuka taratibu za 100, 150 na 200. Mtu mzima kwa siku nzima hatakiwi kuvuka 400, na aliyepita miaka 75 asivuke 300. Hiyo ya 225 ni ile iliyosambaa Afrika Magharibi kwa magendo, nyingi ikitokea India, mpaka India wenyewe Aprili 2018 wakaiingiza tramadoli kwenye sheria yao ya dawa za kulevya. Sasa pigeni hesabu ya muuzaji wetu: viwili asubuhi, viwili jioni, ni miligramu 900. Zaidi ya mara mbili ya kikomo, kwa mzee, siku ya kwanza. Alichokiona Boda wa Newala ndicho hicho: tramadoli ikizidi inaleta degedege, hata kwa mtu asiye na kifafa.

Na hapo nimechukulia kwamba ndani ya kidonge kuna kile kilichoandikwa juu. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni bandia au haina kiwango. Hiyo ni kwa soko lote. Karatasi isiyo na kiwanda wala namba ya toleo, na tarehe imebandikwa juu ya tarehe, nadhani hata aliyeitengeneza hakutarajia ipite kwenye macho ya mtu anayesoma.

Dada Mikindani, hizo famasi zisizouliza siwezi kuzitetea, zinavunja sheria na zinatuharibia kazi. Lakini umegusa penyewe. Dawa ya maumivu makali huuzwa pamoja na maswali. Una ugonjwa gani mwingine? Unatumia dawa gani nyingine? Umewahi kuanguka kifafa? Unakunywa? Figo zako zikoje? Yule wa WhatsApp aliuliza swali moja tu: unatuma kwa mtandao gani.

Angalieni angeuliza mengine angepata nini kwa huyu mzee. Mgonjwa wa sukari mwenye kidonge cha usiku cha ganzi ya miguu, mimi moja kwa moja nafikiria amitriptilini. Mleta uzi soma kopo. Kama ndiyo, amitriptilini na tramadoli zote mbili zinashusha kizingiti cha degedege, yaani degedege inakuja kwa urahisi, na zote zinapandisha serotonini, kemikali ya ubongo, mwilini. Zikikutana kwa kiwango kikubwa mtu anaweza kupata joto kali, kutetemeka, kuchanganyikiwa, moyo kwenda mbio. Tena tramadoli yenyewe inaweza kushusha sukari ghafla kwa mtu anayetumia dawa za sukari. Mzee anaanguka shambani, nyumbani wanasema ni jua.

Halafu kuna pombe. Mabibo yakianza kuanguka, uraka upo kila kijiji kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, na kuna watu wanaomalizia na kikali chake. Tramadoli juu ya pombe, au juu ya vidonge vya usingizi kama diazepamu, inapunguza pumzi. Ukimwona mtu kalala anakoroma kusiko kwa kawaida, haamshiki, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, huyo msimwache alale. Mlazeni kwa ubavu mumkimbize hospitali, kuna dawa ya kuzindua inaitwa nalokisoni.

Bandari Salama

Mfamasia umemaliza uchawi wote. Ila jibu na hili: hospitali ni foleni, dawa hakuna, unaandikiwa ukanunue nje. Mtu wa Liwale au Nanyumbu aache kuagiza, aende wapi?

Mfamasia Kusini

Hilo ni kweli na sitalipinga. Umbali ni mkubwa, na mafuriko ya Mei 2024 yalipokata barabara ya Dar kule Kilwa tuliona wote jinsi dawa zinavyoweza kukwama. Lakini hapo hapo jiulize ile ya kwenye boksi la simu ilikaa wapi njiani. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Buti la basi saa saba mchana nani amelipima?

Kwa vijijini zipo DLDM, yale maduka ya dawa muhimu. Mpango wenyewe ulianzia kwa jirani zetu Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu hii hii, kwamba famasi haziwafikii watu. Zina orodha yake ya dawa zinazoruhusiwa na wauzaji wamepitia mafunzo. Tramadoli si ya pale, ila parasetamoli ipo, diklofenaki ipo. Na parasetamoli msiidharau. Wengi wanasema "haifanyi kazi" kumbe wanameza kimoja mara moja kwa siku. Mtu mzima asiye na shida ya ini ni miligramu 500 hadi 1000 kila baada ya saa sita, jumla isizidi gramu 4 kwa siku, na ahakikishe dawa ya mafua anayokunywa haina parasetamoli nyingine ndani.

Diklofenaki ndiyo ya kuangalia. Inauzwa kama karanga, watu wanaimeza miezi. Inachimba tumbo, inapandisha presha, na mtu mwenye dawa za presha, hasa akiwa na ile ya kukojoza, inaweza kumuua figo. Kwa mzee wa sukari asiitumie mfululizo bila kupimwa.

Wakili wa Shamba

Nichangie upande wa sheria, maana swali la kwanza la mleta uzi limerukwa.

Kuna sheria tatu hapa. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, inayosimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (hawa ndio waliokuwa TFDA kabla ya 2019, chakula kilipohamia TBS, shirika la viwango). Kuna Sheria ya Famasi ya 2011, chini ya Baraza la Famasi. Na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, ambayo DCEA, mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, wanaitumia.

Muuzaji wa mjomba amekosea kila mahali anapoweza kukosea. Dawa haijasajiliwa. Jengo la kuuzia halijasajiliwa, kwa sababu jengo lenyewe halipo. Anatangaza kwa umma dawa ya cheti, na dawa za cheti hairuhusiwi kuzitangazia wananchi kabisa, achilia mbali kwamba tangazo lolote la dawa linahitaji idhini ya TMDA. Anatoa dawa ya cheti bila cheti.

Mnunuzi naye asijione yuko salama. Tramadoli haimo kwenye mikataba ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya, kila nchi imejipangia. Kwetu ni dawa ya cheti. Ila kurasa hizo hizo zinauza pia pethidini, mofini, fentanili, kodeini. Hizo ni dawa tiba zenye asili ya kulevya, na kukutwa nazo bila kibali wala cheti ni kosa chini ya ile sheria ya 2015. DCEA hawaulizi kama mgongo ulikuwa unauma kweli.

Sasa mleta uzi, hapa ndipo ninapokuonea huruma. Tazama stakabadhi ya basi. Jina la mtumaji nakuhakikishia si la kweli, na laini yake pengine imeshazimwa. Jina la kweli kwenye karatasi ile ni moja tu, la mpokeaji. Ni lako.

Mkorosho Mkongwe

Wakili umenikausha koo. Nimeitazama. Mtumaji kaandikwa "Baba J".

Na Mfamasia, kopo nimelisoma jana usiku: amitriptilini, miligramu 25.

Mmakonde wa Muscat

Kwa wenzangu mnaopanda ndege kuja huku Ghuba kufanya kazi: hata ile mliyopewa na daktari kihalali msiitupie tu kwenye begi. Tramadoli nchi hizi inadhibitiwa vikali. Falme za Kiarabu (UAE) wanataka kibali kabla ya kuingia nayo. Misri mwaka 2017 kuna Mwingereza alikutwa uwanjani na vidonge 290, anasema alimpelekea mwenzi wake mwenye maumivu ya mgongo, akafungwa miaka mitatu. Beba cheti chenye jina lako, dawa ikiwa kwenye pakiti yake, na uliza ubalozi kwanza. Kuna dada alitaka kuletewa "za mgongo" na mgeni kutoka nyumbani, tulimpigia kelele hadi akaacha.

Mzee wa Data

Mnatisha watu. Marekani na Ulaya wanaagiza dawa mtandaoni kila siku na maisha yanaenda.

Mfamasia Kusini

Wanaagiza, ndiyo, na huko huko ndiko walikozika watu wengi. Kijana wa California, Ryan Haight, alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 18. Vikodini, dawa kali ya maumivu, aliipata mtandaoni, kwa daktari ambaye hakuwahi kumwona. Sheria yao ya 2008 inabeba jina lake, na ndani yake imeandikwa kwamba dawa zinazodhibitiwa hazitolewi kwa intaneti bila cheti halali, na daktari awe amemwona mgonjwa ana kwa ana walau mara moja. Wakati wa Korona walilegeza hilo la kuonana, lakini cheti hawakukiondoa.

Mwanamuziki Prince naye, 2016. Alimeza vidonge vilivyofanana na Vikodini, kumbe ni bandia, ndani mlikuwa na fentanili. Tajiri yule, mwenye uwezo wa kumleta daktari yeyote nyumbani kwake. Mwaka 2023 mamlaka yao ya dawa za kulevya, DEA, ilisema kati ya vidonge kumi bandia vyenye fentanili walivyopima, saba vilikuwa na kiwango kinachoweza kuua. Kwa macho huwezi kukitenganisha na cha kweli. Sisemi vya huku vina fentanili, sina ushahidi huo. Nasema hakuna aliyevipima.

Nesi wa Nachingwea

Naomba niwaondoe kwenye mgongo kidogo. Kuna kundi linalonunua hizi dawa ambalo halizungumzwi: wanaouguza wagonjwa wa saratani majumbani. Mama ana saratani ya kizazi imesambaa, analia usiku, watoto wanatafuta chochote. Hao ndio wateja wazuri wa matapeli, kwa sababu watauza hata mbuzi.

Wajue kwamba mofini ya kunywa ipo nchini kihalali. Ni ya maji, inatengenezwa kutokana na unga wake, Taasisi ya Saratani Ocean Road ndio waliotangulia kuichanganya. Inatolewa kwa cheti, kwa kumbukumbu, chini ya kile tunachoita tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa mateso. Muulizeni daktari kwa neno hilo hilo, "tiba shufaa", na kama kituo chenu hakina ombeni rufaa: Sokoine Lindi, Ligula, au Hospitali ya Kanda pale Mtwara. Msikubali kujibiwa "vumilia". Na wale wanaoogopa kwamba mofini inaua haraka: ikipimwa sawasawa haiui. Mgonjwa analala, anakula, anaongea na wanawe.

Jambo jingine. Kama mtu ameshaitumia tramadoli ya mtandaoni wiki nyingi, msimnyang'anye siku moja. Atapata arosto kama mtumiaji wa unga: jasho, kuhara, kukosa usingizi, hasira. Inashushwa polepole na daktari. Aje kituoni aseme ukweli, sisi hatuiti polisi kwa mgonjwa.

Boda wa Newala

Nesi hapo kwenye arosto, yule jamaa yetu ndicho kilichomrudisha. Aliacha wiki, akasema mwili mzima unamuuma kuliko mwanzo, akaagiza tena.

Nesi wa Nachingwea

Mwambie hayo maumivu ni ya dawa kutoka mwilini, yatapita. Akishindwa peke yake aje, au umlete wewe.

Mkorosho Mkongwe

Wakuu, jana nimekwenda kwa mjomba. Sikumwambia habari ya sheria, angeona namtishia mzee wangu. Nilikwenda na shangazi, nikaweka kopo lake la usiku na zile karatasi nyekundu mezani, nikamweleza habari ya kijana wa Newala. Alinyamaza sana. Kisha akauliza hela yake itarudi lini. Nikamwambia Baba J hapokei simu.

Amekubali kwenda kuonwa upya mgongo, na bomba msimu huu atabeba mwanangu. Ila kazua jingine: anasema basi anunue "vidonge vya mitishamba vya viungo" vinavyouzwa mtandaoni hivyo hivyo, maana ni majani tu. Kuna jirani kavimeza, magoti yamepona siku ya pili. Mfamasia?

Mfamasia Kusini

Majani yanayoponya magoti siku ya pili mimi nayaogopa kuliko tramadoli. Mwaka 2022 Marekani walipima bidhaa za Artri King, zilizokuwa zikiuzwa kama virutubisho vya viungo, wakakuta diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote. Deksamethasoni ni steroidi. Kwa mgonjwa wa sukari inapandisha sukari vibaya sana. Na aliyeitumia muda mrefu akiacha ghafla, tezi zake zinakuwa zimeshalala, anaweza kuishiwa nguvu, presha ikaporomoka. Jirani akianza kuvimba uso, mashavu yakajaa, au sukari ikapanda bila sababu, aende hospitali na kopo lake mkononi.

Mzee akapimwe kwanza. Mgongo wa mtu mwenye ganzi ya miguu unastahili mkono wa daktari, huenda ni mshipa umebanwa, na mazoezi ya viungo yakamsaidia kuliko kidonge. Na amwambie daktari kuhusu lile bomba, wengi hawasemi kazi wanayofanya.

Dada Mikindani

Sasa mtu atajuaje kama famasi inayopokea oda kwa WhatsApp ni halali? Maana nazo zipo, mjini hapa natuma picha ya cheti naletewa.

Wakili wa Shamba

Angalia kama nyuma ya namba ya simu kuna jengo lililosajiliwa na Baraza la Famasi na mfamasia mwenye jina. Kibali hutundikwa ukutani, nenda mara moja ukakisome. Dawa yenyewe ukitaka kuihakiki, TMDA wana orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yao. Wakikuuzia ya cheti bila kukidai hicho cheti, hicho kibali cha ukutani hakina maana.

Bandari Salama

Na huo mzigo wa Baba J aufanyeje? Choo si kipo?

Mfamasia Kusini

Chooni hapana, wala jalalani, watoto wataviokota. Mleta uzi, vifunge vilivyo pamoja na stakabadhi ya basi, zile sauti za WhatsApp usizifute, vipeleke TMDA. Ofisi yao ya Kanda ya Kusini iko Mtwara mjini. Ukienda kuripoti mwenyewe unakuwa mtoa taarifa. Ukikutwa navyo, Wakili ameshakueleza.

Mkorosho Mkongwe

Na kama wakiniuliza nani aliyeagiza?

Wakili wa Shamba

Sema ukweli: mgonjwa, kwa ajili ya mgongo wake, na hajameza. Nenda na lile kopo la amitriptilini. Njoo PM nikuelekeze cha kuandika kwenye maelezo.